Plagi Tatu na Monita ya Baba

3 Februari

Mdogo wangu Profesa,

Marahaba nakutangulizia, maana najua shikamoo yako iko njiani. Huku hatujambo. Mama naye hajambo isipokuwa goti la kushoto, lile linalomtabiria mvua. Wiki iliyopita limetabiri mara mbili na mara zote mbili jua limewaka, sasa anatununia kana kwamba sisi ndio tuliolikosesha. Wifi yako anakusalimu, anauliza kama bado unaunguza maji. Mimi nipo, kiti kile kile, cherehani ile ile, mgongo tu ndio umebadilika.

Kifurushi chako kimefika. Kwa udogo wake nilidhani ni mwaliko wa harusi yako, nikaanza kutafuta koti. Nikafungua, nikakuta kibao cha kijani kisichozidi kitambulisho changu, kimejaa vidude juu. Umeandika kwamba hiyo ni kompyuta nzima. Nilipomwonyesha Mama aliuliza sehemu iliyobaki italetwa lini.

Cheka ukitaka, lakini nimefurahi. Nina madaftari tisa ya vipimo vya wateja, miaka ishirini na nne ya viuno na mabega ya watu, na mchwa wameshalionja la tatu. Nikiyaingiza humo nitapumua. Shida ni kwamba kompyuta yako haina uso. Umesema niichomeke kwenye runinga, lakini runinga ni ya Mama na Mama hataki niiguse. Unajua kwa nini. Mpaka leo akiniona na plagi mkononi anasema, "Waachie wenzako baba, mkono wako mzito kwa vitu vya umeme," tena anasema kwa upendo kabisa.

Basi nimekumbuka ile monita ya Baba iliyoko stoo, nyuma ya ngazi. Ile ile. Niandikie natumia waya gani. Usinipigie simu, ukipiga anaipokea Mama, mnamaliza salamu na salio linakwisha. Mambo ya waya yanataka karatasi, niiweke mezani huku nimeinama.

Kaka yako,
Sindano


21 Februari

Kaka, shikamoo.

Nimefurahi kusikia mko wazima. Mwambie wifi siku hizi maji hayaungui, ni mchele tu. Mpe Mama pole ya goti. Hapa chuoni muhula umeanza, nina madarasa matatu na wanafunzi ambao maswali yao ni mazuri kuliko majibu yangu. Chumba changu ni kile kile cha ghorofa ya tatu, dirisha linatazama ukuta.

Kuhusu monita. Kaka, achana nayo. Ni ya tyubu, ya zamani mno, na ilishakufa. Itakuchosha bure. Vumilia mpaka mwisho wa mwaka nije na skrini bapa, nyepesi, utaitundika ukutani kama kalenda.

Lakini nakujua, kwa hiyo naandika. Ubavuni mwa kibao kuna tundu dogo la duara, kama la spika za masikioni. Humo hutoka sauti, na picha ya namna ya zamani pia. Tafuta kebo ya kamera za video, yenye ncha moja nyembamba upande mmoja na plagi tatu upande wa pili: njano, nyeupe na nyekundu. Ya njano ndiyo picha. Ichomeke kwenye tundu la nyuma ya monita. Hizo nyingine ni za sauti, ziache zining'inie. Halafu mpelekee mwenye duka la kuchapisha ile kadi ndogo ya kumbukumbu iliyochomekwa kwenye kibao, afungue faili la mipangilio aongeze mstari huu: sdtv_mode=2. Bila huo picha itakuja bila rangi na itakuwa inateleza.

Ikikataa, imekataa. Usihangaike nayo.

Mdogo wako


6 Machi

Profesa,

Marahaba. Mama anakushukuru kwa pole, ila anasema goti halitaki pole, linataka kuaminiwa. Wifi yako amepata mafua akaniambukiza, sasa napima watu huku nimegeuza uso.

Sikiliza. Imewaka.

Nimeitoa stoo, nimeifuta vumbi la miaka, nimeiweka kwenye meza ya kukatia. Niliichomeka ukutani Mama akiwa amelala mchana, nikabonyeza. Ikanguruma, ikatoa ile sauti nyembamba, na kioo kikapata mwanga wa kijivu. Nilisimama pale kama mtu aliyeitikiwa salamu na marehemu. Monita hii ilikufa mbele ya macho yangu. Nani aliifufua?

Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitatu, labda umesahau. Ilikuwa ya mwenye studio ya picha, imeletwa dukani kwa Baba, pale nilipokuwa najifunza ufundi wake wa runinga, kuzibwa mpasuko wa kasha tu. Baba alikwenda kwa mteja, akaniagiza risasi ya kuchomelea, akasema nikirudi nisiiguse. Niliporudi ilikuwa inafuka moshi. Nikaifungua nione kama naweza kuiokoa, na Baba akanikuta hivyo, bisibisi mkononi. Hakupiga kelele. Alisema, "Mikono hii si ya kazi hii," na kesho yake asubuhi alinipeleka mwenyewe kwa mzee fundi cherehani, akaniacha mlangoni. Mwenye studio alipewa monita ya Baba ya kupimia. Hii ikaingia stoo. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja tu aniite fundi.

Sikuandikii ili kulalamika, kushona kumenilea. Ila hata kushona kwangu nadhani kulimtia Baba aibu. Zile suruali kumi na moja tulizozikuta sandukuni alipofariki, zimekunjwa, hakuna hata moja iliyoonja mwili wake. Zote nilimshonea mimi.

Haya, turudi kwenye waya. Kebo ya kamera nimeipata, mstari umeandikwa, plagi ya njano imeingia. Kioo kinawaka, picha hakuna. Nifanyeje?

Sindano


11 Aprili

Kaka, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa, kulikuwa na mitihani. Natumaini mafua yamewaachia. Huku kumekuwa na joto, lifti imeharibika, natembea ngazi na mafaili kichwani.

Kama kioo kinawaka na picha haiji, basi sehemu ya kupokea picha imeungua na haitengenezeki. Hilo ndilo jibu. Tafadhali usiifungue. Zile tyubu hutunza umeme mkali hata ukishachomoa, unaweza kukuua, na sitaki kusikia habari hiyo. Irudishe stoo. Nimeshaulizia skrini bapa, naweza kuituma kabla ya mwisho wa mwaka.

Nisalimie Mama.

Mdogo wako


23 Aprili

Profesa,

Marahaba. Mama mzima, wifi yako mzima, mafua yamehamia kwa majirani.

Nimeifungua. Usishtuke, nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe. Niliichomoa nikaiacha siku mbili, nikamaliza chaji kwa bisibisi yenye waya kama Baba alivyonifundisha, mkono mmoja mfukoni muda wote. Mkono wangu si mzito kama inavyosemwa.

Unakumbuka desturi yake. Kila alichokitengeneza alibandika ndani kipande cha utepe wa karatasi: tarehe, ubovu, sababu, na chini kabisa neno moja, "Safi". Bila hilo neno kitu hakitoki dukani. Kuna wateja waliwahi kusubiri mwezi mzima kwa sababu ya hilo neno. Basi humo ndani kuna utepe. Mwandiko wake, kalamu ya bluu. Tarehe 14 Novemba, mwaka ule ule, miezi miwili baada ya kunitoa. Mstari wa mwisho unasema, "Picha safi."

Nikasema, kama Baba kaandika safi, basi ni safi. Ubovu hauko kwenye monita, uko kwenye waya. Nikaifunga. Nikachomoa njano nikachomeka nyeupe, giza. Nikachomeka nyekundu. Picha ikaja, imetulia, rangi zote.

Nyekundu, Profesa. Ulisema njano.

Kwenye utepe kuna mistari mingine miwili. Sitainakili hapa. Nadhani unaweza kuikisia.

Kaka yako


2 Julai

Kaka, shikamoo.

Nimeanza barua hii mara nyingi, na kila mara nimeishia kwenye salamu. Nimekuandikia habari za hali ya hewa, habari za lifti, nikazichana. Mama alipiga simu mara mbili, nikamwambia kazi zimenibana. Leo ni likizo, jengo zima tupu, sina pa kujificha. Nasema.

Nilijua kuhusu plagi nyekundu. Wiki ya pili ya kila muhula nasimama mbele ya darasa nikiwa na kebo mbili mkononi, nawaambia rangi zisiwadanganye, kwenye kebo nyingi za kamera picha hutokea kwenye nyekundu. Huwa wanacheka. Wewe nilikutajia hiyo hiyo kebo ya kamera na nikakwambia njano, kisha nikakwambia hizo nyingine ziache. Nilitaka ushindwe. Nilitaka ukate tamaa uirudishe stoo kabla hujafika nyuma yake na bisibisi, kwa sababu namjua Baba na tepe zake. Nina miaka thelathini na saba, ni mwalimu wa watu, na nimemfanyia kaka yangu hila ya mtoto.

Na hila ya kwanza niliifanya nikiwa mtoto kweli. Siku ile ulipokwenda kununua risasi niliingia dukani kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa nimeazima mashine ya gemu kwa rafiki yangu wa shule, nikatamani kuiona kwenye kioo cha rangi. Plagi ya picha na plagi ya adapta zilifanana kama pacha. Nikachomeka ya adapta kwenye tundu la picha. Ikalia kidogo tu, tak, halafu moshi. Nikanyakua mashine nikakimbia, adapta nikaiacha ukutani.

Nilikuwa nyuma ya ukuta, Kaka. Nilimsikia Baba akikwambia yale maneno. Nilikusikia ukinyamaza. Kulikuwa na hatua kama sita kutoka pale nilipokuwa mpaka mlangoni, na sikuzipiga. Asubuhi yake niliikuta ile adapta ndani ya begi langu la shule. Nikajiambia lazima niliiweka mwenyewe nikasahau. Nimejiambia hivyo miaka ishirini na nne.

Na Baba. Ilikuwa mwezi ule ule wa Novemba, nikifanya hesabu mezani, akaja akasimama nyuma yangu akaniuliza ile mashine ya gemu iko wapi. Nikamwambia nimeshairudisha. Akasema, "Sawa." Akaendelea kusimama. Nilisikia pumzi zake. Sasa naelewa alikuwa ameshaifungua monita na alikuwa ananisubiri niseme. Sikusema. Nikaendelea na hesabu, na nikakosea zote.

Niliyapenda haya mambo ya kompyuta, ila nimeyasomea kwenye kiti ulichoondolewa wewe. Kila ninaposifiwa nakikumbuka kile kiti. Mama anakwambia mkono wako mzito, na mzito ni wangu. Nimeona aibu mpaka nimechoka, na kuchoka kwenyewe nako naonea aibu, kwa sababu wewe ndiye ungestahili kuchoka.

Sijui nitie sahihi gani.


14 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Kwanza, Mama mzima, na goti limepatia mvua, kubwa, tangu jana anatembea nyumba nzima akitutazama. Wifi yako anakusalimu.

Mistari miwili ya utepe ni hii: "Umeme wa adapta umepita tundu la picha. Si bisibisi." Baba alijua. Na mimi pia nilijua, kabla yake. Niliporudi na risasi niliikuta adapta ukutani, bado ya moto. Niliitia mfukoni. Baba alipokuwa ananiambia mikono hii si ya kazi hii, nilikuwa nimeishika kwa mikono hiyo hiyo, ndani ya suruali. Begini mwako niliiweka mimi.

Usinifanye mtakatifu lakini, maana nilianza vizuri nikamalizia vibaya. Siku ile nilinyamaza kwa sababu ulikuwa mdogo na Baba alikuwa amevimba. Mwaka uliofuata nilinyamaza kwa sababu nilishaanza kujisikia mtu mkubwa, mtu wa kuonewa. Ulipofaulu na kwenda huko, kila barua yako ya kompyuta nilikuwa naisoma kwa sauti kwa Mama, naipongeza, kisha nakwenda dukani nakuchukia kidogo. Kidogo tu, lakini kila mara. Hilo sijawahi kulisema kwa mtu, hata kwa wifi yako.

Kuna kubwa zaidi. Tangu Aprili nimekuwa nikiingiza madaftari kwenye kikompyuta chako, jioni kwa jioni, kurasa tano tano. Nilianza na la tisa nikirudi nyuma, kwa sababu wateja wa sasa ndio wenye haraka. Wiki iliyopita nimefika daftari la kwanza. Ukurasa wa kwanza kabisa, mwandiko wangu wa kijana: Baba. Suruali moja, kitambaa cha kijivu. Kiuno thelathini na nne. Tarehe 16 Novemba.

Utepe ni wa tarehe 14. Siku mbili.

Nilikuwa na miezi miwili tu kwenye cherehani. Mzee fundi mwenyewe alimwambia kijana huyu bado hajafika kwenye suruali. Baba akasema atasubiri. Nilimshonea, mguu mmoja ukawa mrefu kuliko mwenzake kwa nusu inchi, mtu yeyote angeuona akiwa ng'ambo ya barabara. Aliishika, akaigeuza, akasema, "Safi." Neno lile. Nikaamua ananidhihaki, na nimelishikilia hivyo mpaka wiki iliyopita.

Kisha akaja tena mwezi uliofuata, na tena, kitambaa kile kile, kiuno kile kile. Suruali kumi na moja kwa mtu aliyevaa mbili zake za zamani tu mpaka zikachanika. Hakuwa anatafuta suruali. Kila nikishampima alikuwa hakai kwenye benchi la wateja, anakaa kwenye kile kigoda karibu na mguu wangu, kofia mapajani. Anakohoa. Anasema, "Mwanangu." Na mimi nikimsikia anakohoa hivyo nakanyaga cherehani. Nakanyaga kwa nguvu, ile mashine ya mzee ilikuwa na kelele, usingesikia hata jina lako. Siku nyingine hapakuwa na kitambaa chini ya sindano. Nilikuwa nashona hewa ili baba yangu asiseme alichokuja kusema. Angojee kidogo, aondoke.

Mara kumi na moja, mdogo wangu. Wewe ulimnyima neno mara moja ukiwa na miaka kumi na mitatu. Mimi nilimnyima kumi na moja nikiwa na ndevu.

Jana nimeifungua monita tena. Nimebandika utepe mwingine chini ya wa Baba: tarehe, "waya", na nafasi ya sababu nimeiacha wazi. Njoo. Hatutagombana. Sina hata la kugombania tena.

Kaka yako,
Sindano


25 Julai

Kaka, shikamoo.

Nimeisoma barua yako ngazini, lifti bado haijapona. Nimekaa pale mpaka mlinzi akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo, miaka minne iliyopita.

Nakuja tarehe tisa Agosti kwa basi la asubuhi. Sitaki skrini bapa njiani, nakuja na begi langu tu. Ile suruali ya kwanza, ya nusu inchi, usiirekebishe. Nataka kuiona ilivyo.

Na Mama usimwambie kitu. Hilo ni langu. Ninachoomba ni kwamba siku hiyo umkalishe mbele ya monita na uiwashe wewe, kwa mkono wako, yeye akiwa anatazama. Atakwambia usiguse. Wewe gusa. Picha ikishatulia nitamweleza yote, kuanzia mlango wa nyuma, wewe ukiwa pale pale. Nitachelewa kuanza, najijua. Nitakohoa, nitaulizia goti.

Nikikohoa, Kaka, tafadhali usikanyage cherehani.

Mdogo wako